Faili la Kalenga

Likasi, Jumanne jioni

Nimemwambia.

Kalenga, aliyekuwa karani wangu kituoni, alikuja kunijulia hali. Alinipigia saluti mlangoni, ingawa sote tumestaafu upolisi. Akaketi kando ya kitanda, akacheka: "Shefu, miye niliingia polisi ya chini, nikatoka polisi ya chini. Mungu hakutaka."

"Si Mungu," nikasema. "Ni mimi."

Kila wakubwa walipoitisha majina ya kupandishwa cheo, faili lake nililifungia kabatini. Hakuna aliyeandika ripoti vizuri kama yeye. Angepanda cheo, wangemhamisha. Basi akalea watoto watano kwa mshahara wa chini, nami nikasifiwa kwa maandishi yake.

Hakupiga kelele. Alisema tu: "Batoto yangu banasemaka baba yabo alikuwa muvivu. Utabaambia weye mwenyewe, shefu. Na kinywa yako."

Nimekubali. Watakuja kesho asubuhi, wote watano. Nimemwomba binti yangu asinipe dawa ya maumivu mpaka watakapoondoka. Dawa ile hunilaza, na wakinikuta nimelala, wataondoka bado wakiamini baba yao alikuwa mvivu.