Nyota Iliyokutoa Nyumbani Mapema

Nakuru, 1959

Mama,

Njoroge amepata binti. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungetaka kulisikia kwanza, kabla ya hasira zangu, na leo hasira ninazo tele. Mtoto ni mzima, ana nywele nyingi na sauti ya kuudhi. Kwa kuwa ni binti wa kwanza wa mwanao, jina ni lako. Anaitwa Wambui, na Njoroge ameshaanza kumwita "mama" kama ilivyo kwetu. Ungemcheka. Anamshika kama mtu aliyebeba mayai.

Jana watu walikusanyika nyumbani kwake Gilgil kumwona mtoto. Ilibidi mtu wa nyumbani asimame awaeleze ni nani aliyerudi kwa jina hilo, alikuwa mtu wa namna gani, alikufaje. Nilichaguliwa mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa na siku hizi nasomea ualimu. Njoroge alikuwa ameniambia mapema anachotaka niseme. Nilisema kingine. Sasa hasemi nami, na nimerudi Nakuru bila hata kunywa chai.

Unajua walivyosema askari siku ile pale shambani Ndabibi. Hapana, hujui, ulikuwa umelala kwenye umande. Walisema umevunja kafyu kwa sababu ulikuwa ukiwapelekea chakula watu wa msituni. Walikukuta na ndoo ya kukamulia, kamba ya kumfungia ng'ombe wako Rosi miguu na kile kikopo chako cha mafuta ya kupaka chuchu. Ndoo ilikuwa tupu. Wakasema basi, chakula umekwisha kukifikisha. Ingekuwa na kitu ndani wangesema ulikuwa njiani kukipeleka.

Kwa maneno hayo tulipakiwa kwenye lori, mimi na Njoroge, na nyumba yetu ikatiwa moto. Hata mahali walipokuzika sikuonyeshwa. Niliambiwa tu ni upande wa miti ya miwati.

Halafu miaka ikapita, na watu wetu nao wakakuchukua. Njoroge husimulia kwa sauti ya chini, kwa wale anaowaamini, kwamba mama yake alilisha wapiganaji na akafa bila kutaja jina la mtu. Wanamheshimu kwa hilo. Fundi mwenzake pale kwenye karakana ya useremala humwita mtoto wa shujaa. Mama, sisemi hukuwapenda watu wa msituni. Hilo hukuniambia na sikukuuliza. Nasema asubuhi ile ulikuwa unakwenda kazini. Wale walisema uongo wakakuua nao, na hawa wameuokota uongo uleule wakaupamba.

Kilichonisumbua ni saa. Wewe hukuwahi kukosea saa. Zamani nyapara aligonga kile kipande cha reli kilichotundikwa karibu na zizi, nanyi mkaamka. Hali ya Hatari ilipoingia Bwana mwenye shamba akakiondoa, akisema mlio wake utawaita watu kutoka msitu wa Mau. Sawa. Lakini hakuwapa saa. Saa aliivaa yeye mkononi na akalala nayo. Aliyechelewa kukamua alinyimwa posho, na aliyetoka kabla ya kafyu kuisha alipigwa risasi, na katikati ya hayo mawili mliachiwa mbingu mjisomee wenyewe. Mkarudi kwenye nyota ya asubuhi, kama nyanya zenu. Ikichomoza juu ya kilima upande wa ziwa, unachukua ndoo, na ukifika njiani kafyu imekwisha. Ilikuwa hivyo kila siku. Kwa nini basi siku ile ulitoka giza likiwa bado zito? Nimejiuliza mpaka nikachoka, na kuna wakati, nisamehe, hata mimi nilikaribia kuamini habari ya chakula.

Mwezi uliopita hapa chuoni mwalimu wa sayansi, Mzungu kijana aliyekuja mwaka huu, alisimamisha darubini kiwanjani mara tu baada ya chakula cha jioni. Tukapanga foleni kwenye baridi. Zamu yangu ilipofika niliinama nikaona kitu cha mviringo chenye mistari tumboni, na kando yake vinukta vinne vimejipanga. Akasema ile ni Jupita, ambayo Kiswahili cha vitabu huiita Mshtarii, na vile vinukta ni miezi yake. Akasema dunia yetu ingeingia humo zaidi ya mara elfu, na nafasi ibaki. Lakini hakuna ardhi ya kukanyaga. Ukishuka unashuka tu, upepo na baridi na giza, na hakuna kinachoweza kuzaliwa huko, hata jani la kisamvu.

Nilishangaa, Mama, siwezi kukuficha. Nilirudi nyuma ya foleni nikaangalia mara ya pili. Ukubwa wote ule, na kwa macho ni punje ya mtama.

Kisha akatueleza kuhusu huku kwetu. Jua haliko karibu mno wala mbali mno. Maji hayageuki mawe wala hayachemki yakaisha, yanabaki maji. Dunia ina uzito wa kutosha kuishika hewa isitoroke. Akasema kitu kimoja tu kati ya hivyo kingepungua, tusingekuwepo, tumewekwa mahali pazuri sana. Wenzangu wakaitikia kwa furaha. Mimi nilitaka kuirusha darubini yake chini. Umbali wa jua umepimwa, joto limepimwa, hewa imepimwa, kazi yote hiyo ili mtu apate kuishi, halafu Bwana mmoja anaondoa kipande cha reli na mtu huyo anakufa! Nilimuuliza mahali pazuri kwa nani. Akadhani sikuelewa somo, akalirudia taratibu.

Ndipo mwenzangu mmoja akauliza kama nyota hiyo hukaa hapo siku zote. Mwalimu akasema hapana, hutembea. Miaka mingine huonekana alfajiri, na huko hukutana na ile ing'aayo zaidi, nyota ya asubuhi yenyewe. Hukaa bega kwa bega siku chache, kisha huachana. Nyota ya asubuhi hubaki karibu na mapambazuko, lakini Jupita huzidi kuchomoza mapema, usiku baada ya usiku. Akacheka kidogo, akasema asiye na saa anaweza kuamka akiifuata hiyo na kujikuta peke yake barabarani.

Sikusikia tena alichosema. Nilikumbuka mlango wetu wa Ndabibi na wewe umesimama nje na shuka begani, majuma machache kabla ya siku ile, ukituita mimi na Njoroge. Ulisema, "Njooni muone, nyota yangu imepata mwenzake." Tulitoka tukaziona mbili juu ya ziwa, karibu karibu. Ulifurahi kama umepata mgeni. Nimekasirika nawe pia, Mama. Kwa nini ulifurahi? Kwa nini ulimwamini mgeni, ukamfuata gizani ukidhani ndiye nyota yako?

Basi jana nilisimama Gilgil na kuwaeleza hayo yote, kipande cha reli, nyota mbili, ndoo tupu. Nilisema Wambui alikuwa mkamuaji, mwenye haraka, mkali kwa watoto wavivu, na kwamba ng'ombe aliyeitwa Rosi hakukubali mkono mwingine. Nilisema aliuawa akienda kazini. Watu walitazama chini. Njoroge alikuwa amempakata mtoto. Akaniuliza mbele ya wote, "Unataka mama awe amekufa bure?"

Nikamwambia, "Alikufa bure, Njoroge. Walimuua bure. Hilo ndilo nataka mtoto ajue."

Nilidhani atanipiga. Aliyesimama ni Mama Kibe, yule mliyekuwa mkikamua naye, ambaye sasa anakaa Gilgil kwa dada yake. Tangu siku ile hajawahi kusema lolote juu yake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alijishika ukutani akasema, "Mimi nami niliiona hiyo nyota. Nilichukua ndoo, nikarudi ndani kumfunga Kibe mgongoni. Wambui akasema tutakutana zizini." Kisha akakaa. Njoroge alimpa mkewe mtoto, akatoka nje, na mpaka naondoka hakuwa amerudi.

Najua nimemnyang'anya kitu. Alikuwa na mama shujaa na mimi nimemrudishia mama aliyeuawa kwa sababu ya saa. Lakini huyo ndiye wewe, na siwezi kumwacha mtoto avae jina la mtu mwingine. Njoroge na anune mwaka mzima, nitakwenda tu. Mtoto akianza kutembea nitamtoa nje alfajiri, nimwonyeshe nyota ya asubuhi ni ipi na ile kubwa isiyo na ardhi ni ipi, mpaka azijue kwa macho yake. Hiyo ni ahadi, na unanijua nikikasirika sisahau.

Sasa pumzika, Mama, pale upande wa miwati walipokuweka. Watoto wenzake watakapomuuliza yule mwenye jina alilorithi alifanya nini wakati wa Hali ya Hatari, hatakosa la kujibu. Atawaambia nyanya yake alikuwa anakwenda kukamua ng'ombe.

Mwanao,
Wangui