Simenti Juu ya Paa la Udongo

Ibra, Omani, Alkhamisi, Februari 1982

Mvua imekatika tangu juzi, lakini baridi bado ipo na nyumba nzima inanuka udongo mbichi. Nimekaa jikoni kwa sababu ndicho chumba pekee ninachokiamini. Nina hasira leo, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Chumba cha wageni cha juu kimeanguka. Kile kikubwa, chenye boriti zilizopakwa rangi nyekundu na kuandikwa dua, ambazo babu alizinunua kwa fedha za karafuu akazisafirisha kutoka Unguja. Alhamdulillahi hakuna aliyekuwemo. Baba alikuwa msikitini. Aliporudi alisimama mlangoni, akaona mbingu pale palipokuwa na dari.

Nyumba yetu imo ndani ya mtaa wa zamani, walikojenga wale waliokuwa na mashamba Unguja. Ghorofa mbili, milango ya nakshi, kuta nene hata mtu anaweza kulala dirishani. Nilipokuwa mtoto kule Malindi ya Unguja baba alinisimulia habari zake mpaka nikawa naiota. Tulipofika hapa nilikuta mbuzi wamelala sebuleni kwa jirani. Watu wanahamia nyumba mpya za matofali kule barabarani, kwenye umeme na maji ya bomba. Nyumba ya zamani ikishafungwa, mvua mbili tatu zinatosha kuifanya kifusi. Wenyewe wala hawasikitiki. Wanatushangaa sisi Wazinjibari tuliong'ang'ania humu.

Yetu ilisimama kwa sababu ya mtu mmoja. Ami Nasor ni binamu yake baba, na maisha yake yote hajatoka Ibra. Babu alipokuwa Unguja, nduguye, babake Nasor, ndiye aliyeitunza nyumba, kisha akaitunza yeye. Kila mwaka kabla ya mvua akipanda juu na udongo uliochanganywa na majani makavu, akiziba nyufa na kuzibua mifereji ya paa. Siku tuliyofika sisi alimkabidhi baba ufunguo, na jioni ile ile akahamisha magodoro yake. Karatasi za urithi baba alizozibeba kwa hadhari njia nzima hakutaka hata kuzitazama.

Hana mtoto. Kazi yake ni kukandika nyumba za mtaa huu, na ndiyo inayompa chakula. Ya kwetu aliendelea kuikandika kila mwaka, na hakudai kitu.

Mwaka jana mie nikaona haya. Nasomesha hesabu skuli, nina mshahara, na walimu wenzangu wote wanajenga kwa simenti. Nikamwambia baba tumwage simenti juu ya paa, tuondokane na habari ya udongo kila mwaka. Ami Nasor alinisikia. Akaniambia kwa Kiarabu, taratibu ili nifahamu, kwamba kuta hazitaweza uzito ule, na kwamba maji yakipenya chini ya simenti hayatapata pa kutokea.

Baba akacheka. "Sisi tumekulia nyumba za mawe, Nasor. Kujenga twakujua."

Na mie nilicheka.

Mifuko niliikoroga mwenyewe, nikasimama juu ya paa na suruali yangu ya kazi, najiona injinia. Ami Nasor alipita chini na punda wake, akaangalia juu, akanisalimu, akaenda zake. Mwaka ule hakuulizwa na mtu aje na udongo wake.

Mvua ya wiki hii ilinyesha siku tatu. Ukuta wa upande wa mtende ukavimba, nikauona umevimba, nikajiambia utakauka.

Jana watu wa mtaa walikuja kutupa pole, kama vile tumefiwa. Wa kwanza alikuwa ami Nasor, na sepetu yake na magunia, tangu alfajiri. Alitoa kifusi mpaka adhuhuri. Kila kipande cha boriti chenye maandishi alikipangusa akakiweka pembeni, kisikanyagwe. Hakutaja simenti hata mara moja. Mapande yake mazito alikuwa akiyanyanyua kwa mikono miwili, mzee yule, na mie namtazama.

Alasiri wanaume wakakaa chumba cha chini. Mie, mtoto wa nyumba, nikawa nazungusha kahawa. Mmoja wa wazee akauliza paa limeanguka vipi. Nilimwangalia baba. Nilidhani atasema mvua.

Baba akasema, "Paa tulilikuta limeoza. Aliyekuwa akilitunza hakulitunza."

Aliyasema yale na ami Nasor amekaa mbele yake, vumbi la kifusi chetu bado limo ndevuni.

Ilikuwa zamu ya ami Nasor kupewa kahawa. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele yake, asikinywe. Nikasubiri. Nikadhani kahawa imepoa. Basi nikakiokota, nikakimwaga, nikamtilia nyingine. Hakuipokea. Alinyanyuka, akasema "Allah yi'izkum," yaani Mungu akupeni utukufu, akachukua sepetu yake akatoka. Wengine wakatoka mmoja mmoja.

Hamed, jirani yetu, ndiye aliyeniambia leo asubuhi tulipokutana kwenye falaji, mfereji wa maji wa mtaa, tukitawadha. Alinitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko matusi. Hapa kwao mgeni akiweka kikombe chini bila ya kukinywa, ana haki anayoidai. Mwenye nyumba humwambia kunywa kahawa yako, sema shida yako, na hapo kila mtu humsikiliza.

"Nasor alikuwa anataka kusema mbele ya watu," Hamed akaniambia. "Wewe ukakimwaga."

Miaka minane naishi Ibra na hili silijui. Tulijifungia humu na Kiswahili chetu na hadithi zetu za Forodhani, tukawaona wao ndio wasiojua kitu.

Hamed aliniambia na la pili. Wazee wanatafuta mtu wa kuutengeneza msikiti wa zamani wa mtaa, paa lake lote. Kazi ile ilikuwa ya Nasor, hakuna mwengine aliyefikiriwa. Tangu jana wapo wanaosema atafutwe mtu mwengine, kwa sababu nyumba ya ami yake mwenyewe ameiacha ikaoza.

Nilirudi nikamwambia baba habari ya kikombe. Alikuwa amekaa na vile vipande vya boriti, anavijaribu kimoja kwa kingine vioane.

"Nyumba imeniangukia, Saidi," akaniambia. "Usinivunjie na jina."

Baba yangu aliacha kila kitu Unguja. Nyumba, duka, makaburi ya wazee wake. Alichokuja nacho ni jina, na hii nyumba ya kuliweka. Namwonea huruma hata naumwa. Na bado alichomfanyia ami Nasor ni dhulma, na dhulma ile imejengwa juu ya simenti yangu mie. Angesema mwanangu ndiye aliyeliangusha, angekuwa amesema kweli. Alinificha mimi akamtoa yeye.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa wazee watabaki msikitini kuzungumza habari ya lile paa. Nitasimama. Kiarabu changu kibovu, watoto wa skuli wananicheka, lakini maneno yenyewe si mengi. Simenti niliimwaga mimi. Nasor alitukataza. Tulimcheka.

Baba hukaa safu ya mbele, kwa hiyo nitayasema na uso wake uko hapo. Sijui kama atanisamehe. Nadhani hatanisamehe.

Kanzu nimeshaipiga pasi.