Benchi Ndani ya Nyumba ya Vioo

Mume wangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Mwanao ameota meno mawili, anang'ata hata mguu wa meza. Natumaini kifua kimepoa na kazi ya mgodini haikuchoshi sana.

Jumapili dada yako alinipeleka kwenye ile bustani ya zamani katikati ya jiji. Tuliingia nyumba ya vioo wanamotunza mimea ya nchi za mbali. Mle ndani ni joto tupu, na majani yamebanana mpaka darini. Mzee anayemwagilia maji alipomwona wifi akacheka.

"Kibibi! Kaka yako yuko wapi leo? Juzi alikaa na mkewe kwenye benchi lile mpaka tukafunga."

"Mzee, umenifananisha," wifi akajibu, akanivuta mkono tukatoka.

Amemfananisha vipi, na jina lake la utani analijua? Na kaka hana mwingine ila wewe. Njia nzima wifi aliongea yeye tu, habari za bei ya vitambaa, naye ni mtu wa kuvutwa maneno. Nilijiambia labda nawaza vibaya, maana mgodi uko mbali na wewe hujaniambia kwamba unarudi.

Leo nimekuja peke yangu, mtoto mgongoni, na ninakuandikia nikiwa kwenye benchi hilohilo. Barua hii siipeleki posta. Namwachia mzee, akupe ukija tena.

Ikikufikia, usinijibu kwa maandishi. Njoo nyumbani, useme kwa mdomo wako.

Mkeo, mama wa mwanao