Konso na Bido za Uvira

Mutakura, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Yaya Mirindi, kaka yangu mpendwa,

Salamu ninazokutumia ni nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba, basi zile zitakazobaki nje Mama Benite anayekuletea barua hii atakupa kwa mdomo. U hali gani? Goti lako linalokusumbua wakati wa mvua limetulia? Na mama, bado anakohoa asubuhi, au ile dawa ya majani ya mpera imemsaidia? Mwambie ninamkumbuka kila ninapokoroga bugali, maana mimi bado ninaweka maji mengi kama alivyonikataza.

Sisi huku ni wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Yaya, sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi namna hii na bado akaweza kupika, kufua na kulipa maji. Audace akiingia nyumbani, chumba chetu kimoja kinakuwa kikubwa. Akinywa chai anakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto, na mimi ninakaa tu kumtazama mpaka ananiuliza kama ana kitu usoni. Ananiita Madamu Konso. Majirani nao wameanza kuniita hivyo, na mimi ninaitika bila haya.

Najua utacheka, lakini lazima nikuambie habari ya fungate yetu. Wenzetu wakioana wanakwenda hotelini kando ya ziwa. Sisi tulikwenda kwenye foleni ya esanse, kituo cha mafuta. Gari likitoka kwenye mstari limepoteza nafasi yake, na mtu lazima awe ndani muda wote, kwa hiyo nilibeba sufuria la maharagwe na ndizi, nikapanda, nikakaa na mume wangu. Tulilala kwenye kiti cha nyuma. Alfajiri madereva wengine waligonga bati wakiniambia bibi harusi amka, foleni imesonga, na mimi nilishuka kusukuma gari na kucha zangu bado zina rangi ya harusi. Mmoja alimpigia Audace kelele kwamba mahari aliyotoa ilikuwa ndogo, mke mwenye nguvu kama huyu ni sawa na gari la pili. Nilicheka mpaka nikashindwa kusukuma. Hakuna hoteli ambayo ningeibadilisha na siku zile.

Baba mkwe, Mzee Pontien, alikuwa anakuja mchana kutupokea zamu garini ili tukaoge. Ndipo aliponisimulia historia ya kampuni yake ya bisi. Alikuwa dereva wa ofisi ya serikali, anakaa Ngagara katika zile nyumba za kartie zinazofanana mtaa mzima. Alipoacha kazi alinunua Hiace moja kuukuu, akaandika nyuma yake jina la mke wake, Consolate, kwa sababu mama huyo ndiye aliyekubali kuuza ng'ombe wa kwao ili gari linunuliwe. Watu wakalifupisha. Mpaka leo mtu wa Ngagara hasemi bisi imepita, anasema Konso imepita. Yaya, niambie, kuna mapenzi gani makubwa kuliko kusikia jina la mke wako likiitwa barabarani na watu wenye mizigo?

Mwanzo Konso ilitoka mjini ikaishia Ngagara. Watu walipoanza kujenga Mutakura, mzee akawafuata. Kisha wakajenga Gasenyi, kule mwisho wa mji ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, na hakuna gari lililotaka kufika. Mzee alifika. Abiria walishuka kwenye matope, wakasukuma, wakapanda tena, na waliosukuma hawakulipa. Gasenyi hawajasahau. Harusi zao zilibebwa na Konso, na msiba ukitokea mzee alitoa gari bure mpaka makaburini. Wakati ule zilikuwa Konso tatu, na mimi mwenyewe nilikutana na Audace ndani ya ile ya tatu, nilipokuwa ninasoma sekondari na kukaa kwa shangazi. Aliniwekea kiti nyuma yake kila asubuhi. Alinitania kwamba watu wa Uvira tunajipulizia marashi mpaka gari linashindwa kupanda mlima. Nilimjibu kwamba gari linashindwa kwa sababu dereva anatazama nyuma.

Sasa mambo yamegeuka. Esanse haipatikani, wewe unajua kuliko mimi. Konso ya kwanza iliuzwa vipande vipande. Ya pili imesimama juu ya matofali uani kwa mzee, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ya tatu ndiyo tuliyobaki nayo, na njia yake inarudi nyuma kama ilivyokuja: kwanza tuliacha Gasenyi, kisha Mutakura, na siku hizi ikitembea inaishia Ngagara. Jioni ninawaona watu wa Gasenyi wakipita kwa miguu mbele ya mlango wetu, akina mama wana mizigo kichwani, wengine wananisalimu kwa uchovu, wengine wananiuliza Madamu Konso, na sisi mumetuacha kweli? Wiki iliyopita gari halikutoka kabisa. Mzee amesema ikifika mwisho wa mwezi hivi, anaiuza na ya tatu.

Ndiyo maana shemeji yako ameniomba nikuandikie. Anakuomba kwa heshima, kama mtu aliyepokea dada kutoka mikononi mwako, umpatie bido, yale madumu ya esanse, kila wiki kwa njia zako za mto Rusizi. Wewe uzifikishe ng'ambo hii, yeye atakuja kuzichukua na Konso. Anasema atakulipa bei unayowauzia wengine, hataki upendeleo. Anasema undugu ni kusaidiana. Anakusalimu sana, na ameniambia niandike kwamba goti lako lipone haraka.

*

Yaya, ukurasa ule Audace ameusoma. Alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu, akanisahihisha hata pale nilipokosea kuandika Rusizi. Sasa amekwenda Ngagara kwa baba yake kumwambia kwamba barua imeandikwa. Huu hajausoma, na nakuomba ukiumaliza uuchome.

Bido si jambo jipya kwetu. Mwezi uliopita alipata sita kwa mtu wa Buterere. Kwanza zilikaa chini ya kitanda chetu, na mimi nilipikia nje hata mvua ikinyesha, nikijiambia kwamba harufu ile ni harufu ya mume anayehangaika. Kisha jirani walianza kunusa, na Audace akaogopa polisi, akazihamishia garini. Aliziweka chini ya kiti cha mwisho, akazifunika gunia la mihogo, ili zikae hapo huku Konso inafanya kazi. Alisema madirisha yakiwa wazi hakuna mtu atakayejua.

Siku hiyo nilipanda kwenda mjini, nikakaa kwenye kiti changu nyuma yake, nina furaha kama siku zote. Tulipofika sokoni Mutakura mvua ikaanza. Abiria wakafunga madirisha yote. Mama mmoja anayechoma mahindi alikimbia akapanda na mbabula yake, jiko la makaa, alikuwa ameifunika majivu. Konvuayeri wetu Shakuru, anayekusanya nauli, aliipokea kama anavyopokea mizigo yote, akaisukuma nyuma, chini ya kiti cha mwisho. Watu wakakohoa, wakasema gari hili linanuka esanse mpaka kichwani, na Audace akajibu kwa mzaha kwamba washukuru, wengine hata harufu yake hawaijui tena. Wote walicheka. Mimi niligeuka. Gari liliruka shimo, majivu yakateleza, nikaona kaa jekundu.

Sikuweza kupiga kelele. Ningesema kuna nini chini ya kile kiti, watu wangekanyagana mlangoni, na waliobaki wangemuua mume wangu kwa mikono. Nilipita juu ya magoti ya watu, nikaishika mbabula kwa viganja vyangu, nikaomba Shakuru afungue mlango, nikairusha kwenye maji ya mtaro. Mama wa mahindi alinitukana mpaka tulipofika Ngagara. Aliuliza bibi harusi gani huyu anayemwaga moto wa watu, watoto wake usiku watakula kucha zangu zenye rangi? Abiria walinicheka. Mbele yangu alikaa msichana mwenye mtoto mgongoni, na mtoto yule alilala safari nzima.

Audace aliona kwenye kioo. Nyumbani aliviosha viganja vyangu, akavipaka mafuta, akalia. Aliapa kwa jina la mama yake, lile lililoandikwa nyuma ya gari, kwamba Konso haitabeba bido tena. Nilimwamini, na ninaamini kwamba yeye pia aliamini.

Lakini baba yake aliposema atauza, kiapo kilianza kulegea. Kwanza alisema bido mbili tu. Kisha akasema atazibeba asubuhi kabla ya abiria. Nilipokataa aliacha kula. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nilimpenda wakati gari linatembea, na sasa ninaona aibu kuwa mke wa mtu aliyesimama. Yaya, maneno hayo yaliniunguza kuliko mbabula. Nikikataa tena, kila siku ya maisha yetu atafikiri kwamba ni mimi niliyeizika kampuni ya baba yake kwa sababu simpendi.

Kwa hiyo nakuomba ukatae wewe. Baba yetu hayupo, wewe ndiye uliyepokea mahari, na Audace hawezi kubishana na shemeji aliyempa mke. Usimwambie kwamba esanse imekosekana, atasubiri ipatikane. Andika kwa ukali. Andika kwamba hukumtoa mdogo wako ili akalalie bido, na kwamba siku utakaposikia gari linalobeba watu limebeba esanse, utakuja kunichukua. Barua umpe Mama Benite, na iwe ya kusomwa mbele ya Mzee Pontien. Mzee hajui habari ya bido sita. Akisikia, yeye mwenyewe atachukua funguo.

Sina mdomo wa kukuhukumu kwa kazi yako. Ada yangu ya shule ilivuka Rusizi mgongoni mwako. Najua pia ninachokuomba: Konso itauzwa, watu wa Gasenyi wataendelea kupita mlangoni kwangu, na mume wangu atatafuta kazi ya kuendesha gari la mtu mwingine. Ninampenda mpaka ninaogopa. Nimechagua kuwa naye bila gari.

Jambo la mwisho ndilo gumu. Barua yako ikifika, Audace atakukasirikia, na mimi nitakaa upande wake. Nitasema kaka yangu ana roho ngumu, kwamba amesahau dada yake. Nitayasema kwa sauti, labda nitalia, kwa sababu atahitaji mtu wa kukasirika naye. Maneno hayo yatakufikia, Uvira si mbali. Nisamehe kuanzia leo, na mama naye umwambie asiyaamini.

Wasalimie wote nyumbani, mbusu mama mikono yote miwili, na majirani wa kisimani uwaambie kwamba mtoto wao ameolewa vizuri. Hilo ni kweli. Mungu akulinde katika maji yale.

Mimi mdogo wako,
Mwavita wa Audace