Mbegu Ulizomtumia Atupele

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naipiga kwa magoti yote mawili, ingawa magoti yangu yako huku Makutupora na wewe uko huko Tukuyu kwenye ukungu wako. Hujambo lakini? Miguu inaendeleaje? Kaka Ambwene aliniambia ule wa kushoto umeanza kuvimba tena, na kwamba ukiambiwa ukae unachukua fimbo unaingia kwenye migomba. Kaa, mama. Migomba haitakimbia. Na kifua je, baridi ya mwezi huu imekuhurumia? Sisi huku tu wazima wa mwili, Mungu anatushikilia. Stefano anakusalimu, anasema shikamoo mama mkwe, na anaomba radhi kwamba ule mzigo wa zabibu kavu aliokuahidi haujapata mtu wa kuubeba.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Ile mara ya mwisho ulikuwa unasema, "Sikusikii, Tusekile, sikusikii," ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao, mama. Nilikuwa sisemi. Nilikuwa nimeshika simu nalia. Kwenye karatasi naweza kulia na wewe usijue, nikaendelea na mstari unaofuata. Ambwene akusomee taratibu, na akifika mahali pagumu asiruke.

Uliniuliza habari za majani. Kaa vizuri nikueleze yote.

Zile mbegu za majani ulizompa Ambwene alipokuja kutuhani alinikabidhi kama ulivyomwagiza, zikiwa kwenye kipande cha kanga yako ya zamani. Akasema, "Mama amesema asipande mtu mwingine. Upande wewe." Nikafungua fundo nikanusa. Ulinuka uwanja wako wote, mama, pale Atupele alipokuwa akitandika mkeka na kuchambua maharage tangu ulipomchukua umlee hadi alipomaliza darasa la saba. Nilikuona umeinama na miguu hiyo mibovu, unapukuchua mbegu moja moja kwenye kiganja kwa ajili ya mjukuu ambaye hukuweza kuja kumzika. Nikafunga tena fundo, nikakaa nalo kifuani.

Najua bado inakuuma kwamba hatukumleta nyumbani. Na mimi inaniuma. Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na wazee wa Stefano walisema atalala na bibi zake wa huku, nyuma ya nyumba. Homa ilimchukua haraka mno, hata akili yangu ilikuwa bado hospitalini wakati wanachimba. Ningebishana na nani mbele ya jeneza?

Stefano alisema tungoje mvua. Huku, mama, mvua inakuja Krismasi ikikaribia, na ikikasirika inapitiliza. Wewe ulisema zipandwe kaburini zikifika tu, kwa sababu kwetu hata ukiangusha mbegu njiani utaikuta imeota. Nilimwambia, "Mama amesema mjukuu wake asilale bila kufunikwa." Na upepo wa miezi hii unabeba ardhi. Kila asubuhi nilikuta tuta la mwanangu limeshuka, vumbi lake limekwenda kwenye mashamba ya watu, nami narudishia udongo kwa mikono. Jioni Stefano akarudi na kopo la mafuta ya kupikia, akaligeuza, akalitoboa kitako chote kwa msumari mwembamba. Unajua anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya zabibu, kwa hiyo vitu vya kuotesha anavielewa. Akanifundisha niukwaruze udongo tu, nisiulime. Mbegu nizichanganye na mchanga mkavu zisidondoke mahali pamoja. Nizifunike kwa udongo kidogo kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga, halafu nitandaze nyasi kavu juu ili jua lisizikaange. "Maji yadondoke kama umande," akasema. "Ukimwaga kwa ndoo, mbegu zote zitakimbilia miguuni pake." Aliposema "miguuni pake" akaweka kopo chini, akatoka nje.

Nikapanda mimi, kwa mikono yangu, nikiimba kimoyomoyo kwa sababu sauti imeniacha tangu msiba. Hata kanisani nafungua mdomo tu, wenzangu wananiimbia.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Alfajiri kabla jua halijachomoza, na jioni likishapoa. Nyasi za juu zikikauka tu, nanyunyiza. Sisimizi wakaja kuzibeba mbegu, nikawazungushia majivu. Kuku wakaja kupekua, mbuzi nao wakaja kuuliza kuna nini, ndipo Stefano akakata miiba akazungushia kaburi lote, akaacha mlango mdogo wa kupita mtu mmoja.

Maji nayafuata kwenye bomba la kijiji, na foleni ya ndoo unaifahamu ilivyo na maneno. Siku moja mama Rehema, jirani yetu, akaniambia mbele ya watu, "Mama Atupele, leo tena? Huyo ng'ombe uliyemficha anakunywa kiasi gani?"

Nikasema, "Nina bustani."

"Ya mchicha?"

"Ya majani."

Wakacheka hadi mmoja akaketi juu ya ndoo yake. Mama Rehema akasema, "Jamani, sisi majani tunayapiga jembe mpaka migongo inapinda, mwenzetu anayatekea maji. Hiyo mvua ya kwenu iliwaharibu."

Na mimi nilicheka, mama, kidogo. Kisha akaniuliza nimeyapanda wapi. Nikamwambia. Kicheko kikafa. Mama Rehema alichukua ndoo yangu akaipeleka mbele kabisa, chini ya bomba. Tangu siku hiyo sijapanga foleni tena.

Nilikata tamaa mara nyingi. Nikawa nafunua nyasi kavu kwa kidole, nakuta udongo tu. Nilimwambia Mungu, Bwana, sikuombi unirudishie, hilo nimelinyamazia. Naomba haya majani tu. Na asubuhi moja nikafunua nikayaona. Mama, yalikuwa membamba kama nywele za mtoto mchanga, na shinani yana wekundu kidogo. Nilimwita Stefano, akaja na mswaki mdomoni, akachuchumaa, akayaangalia muda mrefu. Akasema, "Yametoka kama mwenyewe. Hayana haraka na mtu." Unakumbuka alivyokuwa akiitwa hata nyumba inaungua anasema nakuja. Tulicheka wote wawili pale kaburini, na huo ndio ulikuwa wakati wangu mzuri tangu azikwe. Yakaendelea kujaza hadi upande wa kichwani ukawa kijani, na upepo ukawa unapita juu bila kuchukua kitu. Nilitaka Ambwene aje ayapige picha akuletee uyaone. Nikasema tungoje yakomae kidogo.

Sasa, mama, fika hapa polepole.

Jumapili hii ijayo na ile inayofuata zikipita, ukoo utakutana kwa ibada ya kusimika msalaba. Wifi yangu Yuditha, yule dada yake Stefano anayekaa Mpwapwa, alisema atatangulia kuja kunisaidia maandalizi. Unajua alivyompenda Atupele. Likizo zote mtoto alikuwa akikimbilia kwake kufundishwa kufuma. Na siku ya mazishi basi lilimharibikia njiani, akafika tumeshafukia, akalala juu ya udongo hadi wanaume wakamwinua. Basi juma lililopita alikuja kabla ya siku aliyosema. Mimi nilikuwa nimemwagilia alfajiri, nikaondoka na akina mama wa kanisa kwenda mjini kuwaona wagonjwa. Stefano yuko kitaluni. Wifi akateremka kwenye bodaboda, akakuta hakuna mtu, akaenda moja kwa moja kumsalimia mtoto.

Niliporudi nilimkuta ameketi kivulini, mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya chumvi. Imechomwa miiba, imevimba.

Akaniambia, "Wifi, pole na safari. Usinilaumu, najua una mambo mengi, lakini kaburi la mtoto wetu lilikuwa limevamiwa. Nilishangaa, mmeweka miiba nje vizuri halafu ndani mmeacha majani yanamla. Nimeyang'oa yote. Sikutumia jembe, niliogopa kumwumiza. Nimeyang'oa kwa vidole, moja moja, na mizizi yake."

Nikaenda kuona. Palikuwa pamefagiliwa, mama. Ameulainisha udongo kwa viganja, alama za vidole zinaonekana. Amepanga mawe meupe pembeni. Majani alikuwa ameyatupa nje ya miiba, na mbuzi walikuwa wanamalizia.

Unajua huku sivyo kama kwetu. Huku mwanamke mwema ni yule ambaye uwanja wake hauna hata jani, umefagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Majani mlangoni ni nyoka na uvivu. Na kaburi lenye majani ni la mtu aliyekufa bila ndugu. Wifi alikuwa anamwambia Atupele kwamba ana ndugu. Ningemwambia nini? Nilirudi nikapiga magoti, nikamchomoa miiba mikononi kwa sindano, na kila mwiba nilioutoa nilisema ahsante wifi.

Stefano aliporudi alipitia nyuma kama kawaida yake. Akaja mlangoni akafungua mdomo, mimi nikamtazama. Akaufunga. Kisha akasema, "Ahsante dada," akaenda kwenye zizi la mbuzi akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake alfajiri miguu ilinitoa yenyewe. Sikukumbuka chochote hadi nilipokuwa pale, kopo mkononi, maji yanadondoka juu ya udongo mtupu. Nikashindwa kuacha. Wifi akanikuta.

"Wifi, unamwagilia nini?"

Nikasema, "Vumbi. Nalilaza vumbi."

Akasema, "Ni kweli, upepo wa huku hauna adabu." Akaenda kuchota kwa jagi, akaanzia upande wa miguu, akanyunyiza kwa vidole vyake vilivyovimba, huku anaongea na mtoto kwa Kigogo, taratibu, maneno ya kumbembeleza. Mimi upande wa kichwani, yeye upande wa miguuni. Tumefanya hivyo kila asubuhi tangu hapo. Mama, sijawahi kuumia kama ninavyoumia pale, na sijawahi kumpenda mtu wa huku kama ninavyompenda yeye pale, na vyote viwili vinanijia kwa pamoja.

Sasa amepata wazo. Anasema tumjengee kwa saruji kabla ya ibada, majani yasirudi tena. Shemeji zangu wamefurahi, mchanga umeshaletwa, uko pale nyuma kwenye lundo. Wakishamwaga saruji imekwisha, mama. Lile neno lako kwamba mjukuu wako afunikwe na majani ya kwetu halitatimia tena. Stefano anasema pengine ziko mbegu zilizochelewa, bado ziko ardhini, na kwamba zikiendelea kupata maji zinaweza kutoka. Anasema pia kwamba zinaweza zisitoke. Aliniambia tukiwa wawili, "Mwandikie mama. Mpaka jibu lake lifike, mimi nitatafuta sababu. Nitasema fundi anaumwa, nitasema lolote. Lakini ukimwambia dada yangu ukweli, jua atakwenda nao mpaka kaburini kwake."

Huo ndio mzigo wangu. Nikinyamaza, saruji inamwagwa na wewe mbegu zako zimekufa. Nikisema, yule aliyezing'oa kwa upendo atajua kwamba alizing'oa kwa mikono yake, na mikono hiyo bado haijapona. Nimeomba, na Mungu amenyamaza, au amesema nami sikusikia. Wewe ndiye uliyezipukuchua. Ukisema niwaachie wajenge, nitawaachia na sitakulaumu hata siku moja. Ukisema nimwambie, nitamkalisha chini nimwambie, na nitamshika mikono wakati nasema. Unalofikiri lolote Ambwene aliandike kama linavyotoka kinywani mwako, asilinyoshe.

Nisalimie Ambwene mwenyewe na mkewe, mwambie wifi yangu huyo kwamba lile sweta alilonitumia nalivaa alfajiri. Shangazi Tumpe mpe shikamoo yangu, na umwambie nimesikia anakupikia uji, Mungu ambariki. Msalimie mwinjilisti wetu, na yule binti wa jirani anayekuletea kuni. Atupele alikuwa akimwita pacha wake. Mkumbatie kwa niaba yangu, usimwambie yote.

Mimi mwanao unayenijua hata nikinyamaza,

Tusekile, mama yake Atupele

Mama, mchanga uko pale nyuma na shemeji wananiuliza kila jioni. Tafadhali nijibu upesi.