Pistoni katika Bakuli la Bluu

Jumatatu, 8 Agosti 1960
Nimeswali, nimepepeta mchele, nimekaa. Mavyaa, mama yake Bakari, amenikataza kuteka maji. Anasema mwenye eda hatoki. Mikono ikikaa bure namfikiri Bakari. Ikifanya kazi namfikiri vilevile.

Gari la Bwana Jivan bado liko bandani, nyuma ya jiko. Dogo, la watu wawili, halina paa. Mume wangu aliifungua injini yake, kisha homa ikamlaza, na hakuamka. Alilipenda kwa wepesi wake. Alisema wengine huongeza nguvu, waliounda hili wamepunguza mzigo, ndiyo maana injini ndogo inaruka nalo. Alinieleza hayo huku akila muhogo. Mimi nilikuwa namtazama mdomo tu.

Jumanne, 9 Agosti
Bwana Jivan amekuja kutoa pole. Kisha, kwa haya, amesema gari analihitaji. Lisipowaka kufikia Ijumaa atalivusha kivuko, alipeleke kwa fundi wa kisiwani. Hana kosa. Amesubiri sana.

Gari silitaki. Nataka kuisikia injini ile mara moja, vile alivyoipanga Bakari. Fundi mwingine ataipanga kwa mkono wake. Kazi nyingine zote za Bakari zimekwisha kwenda zake. Imebaki hii.

Juma, mdogo wake, amesema atajaribu. Yeye hutengeneza malori Changamwe.

Jumatano, 10 Agosti
Juma amefunga vyuma kutwa. Mimi ndani, pazia limeshushwa. Shemeji hapaswi kuniona. Alasiri imewaka. Imekohoa, imezima. Tena. Tena. Kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

Siyo ile. Injini hii ina kabureta mbili, na Bakari alizisikiliza kwa kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Siku moja, kabla hajaifungua, alinipa mpira nami. Zilikuwa zinapumua sawasawa, kama watu wawili waliolala.

Kitanda ni kikubwa mno.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimekumbuka nikikoroga uji. Mabakuli.

Bakari aliazima mawili jikoni kwangu. Pistoni ya kabureta ya mbele aliiweka katika bakuli la bluu, ya nyuma katika jeupe. Alisema kila pistoni imezoeana na kofia inayoifunika, ukizibadilisha hazielewani. Kofia alizitia alama kwa tupa. Pistoni hakuzitia. Aliyaamini mabakuli.

Nimemuuliza Mavyaa. Ameshika shavu.

"Siku ya matanga vyombo havikutosha, mwanangu. Vile vyuma nilivimimina karaini. Mabakuli nikayasugua kwa majivu, watu wakatiliwa mchuzi."

Kisha akaongeza. "Ndiyo maana mjomba wa Bakari alisema mchuzi una ladha ya gari."

Tumecheka. Mara ya kwanza tangu azikwe. Tumecheka mpaka tukalia, na hatukujua tulibadili wapi.

Ijumaa, 12 Agosti
Juma amezifungua tena kabureta, na Mavyaa ameniletea pistoni na kofia zake ndani, juu ya sinia. Nimefanya kama nilivyomwona Bakari akifanya. Unaiingiza pistoni katika kofia, unaiacha ishuke. Katika kofia ya mwenzake inakwama, inakwaruza. Katika yake inashuka polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Juma alizibadilisha, maskini. Angejuaje?

Amepaza sauti nje. "Mama, muulize shemeji, kabureta zimeiva? Au bado chumvi?"

"Nyamaza, mzoea malori," Mavyaa amemjibu. Akanigeukia. "Nimwambie nini?"

Nimesema amwambie azirudishe hivi hivi, na skrubu za Bakari asiziguse hata moja. Mavyaa ametoka na sinia kichwani kana kwamba anapeleka posa.

Nimekaa chini, mgongo ukutani, upande wa banda.

Imewaka.

Haikukohoa. Juma ameikanyagia mafuta ikapanda, ameiachia ikashuka, ikatulia. Nimeweka sikio ukutani. Wawili, wanapumua sawasawa. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogo, na nimeuacha unitetemeshe.

Nimemsikia Juma akivuta kamasi.

Baada ya sala ya Ijumaa Bwana Jivan amekuja. Amelichukua. Nimeifuata sauti kwa sikio, msikitini, kwa muuza mkaa, mteremko wa kivukoni. Kisha ikachanganyika na upepo wa minazi. Sikujua imeisha lini.

Jumapili, 14 Agosti
Banda limebaki na doa la mafuta. Mavyaa alitaka kulimwagia mchanga, kisha akaacha.

Asubuhi nimetia uji katika bakuli la bluu. Limesuguliwa kwa majivu mara nyingi. Bado lina harufu ya petroli, mbali sana, chini kabisa.

Nimekunywa taratibu. Nimeumaliza.