Niliwashusha Mlimani Mimi

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu huko mbali uliko. Sisi wazima, na shemeji yako bado anagomba.

Sasa sikia makubwa ya kaka yako. Wenzangu wa kijiweni, kinyozi, fundi baiskeli na mwalimu mstaafu, walipanga kupanda mlima Jumamosi, wakataka kuniacha. Kinyozi akasema, "Mzee mwenzangu, siku hizi unajikwaa hata kwenye mkeka. Baki na wajukuu." Nikamjibu, "Mlima huo nimeupanda wewe hujajua kushika wembe!" Nikaenda.

Kufika juu, ukungu ukashuka mzito, hata mkono wako huuoni. Mwalimu akaanza kusali kwa sauti. Nikawaambia, "Shikaneni mashati, nifuateni." Nikapapasa njia kwa fimbo na kisigino, jiwe kwa jiwe, mpaka barabarani. Hakuna aliyechubuka hata ukucha! Sasa wananiita Kapteni. Mwezi ujao tunakwenda ziwani kulala kwenye mahema, na wa mbele ni mimi.

Ila nikwambie wewe tu. Macho yangu yanaona ukungu mchana kutwa, mwaka wa pili huu. Wao ukungu uliwatembelea kwa saa moja tu, mimi naishi nao. Ndiyo maana nimeandika kwa kalamu nene, na mistari ikigongana nivumilie.

Nitawaambia mwenyewe kabla ya safari. Wakitaka kuniacha, kwanza wanitajie nani aliwashusha.

Ni mimi kaka yako, bado natembea.